Wimbo Niliokatazwa Ikombe

Kwanza niseme, ili tusije tukasumbuana mbele ya safari: wimbo ule ni wangu. Niliutunga mimi, Jeni, binti wa Angetile mfinyanzi wa Ikombe kando ya ziwa, nimekalia ndoo niliyoifudikiza, namtazama mama yangu huyo anakanda udongo. Nsajigwa hakuwepo pale. Kinanda hakikuwepo, bendi haikuwepo. Alikuwepo mama, nilikuwepo mimi, na kuku mmoja mkorofi aliyekuwa akitukanyagia udongo. Anayebisha na abishe, mdomo ni wake.

Maneno yenyewe yalikuwa mepesi. "Mama ushike udongo, mimi nitakuimbia." Ndivyo ulivyoanza. Wimbo wa mtu anayefanya kazi na mtoto wake yuko pembeni, hauna makuu. Kabla ya maneno kuna sauti tupu, ninaiguna na kuipandisha, kwa sababu mama akianza kukanda huwa anaguna hivyo hivyo. Nilimwibia mguno wake nikaufanya wimbo.

Miaka minane iliyopita nikaupeleka kwenye bendi, Mbaka Jazz. Nsajigwa ndiye kiongozi, ndiye mpiga kinanda, ndiye mwenye vyombo na mwenye gari la kubebea vyombo, kwa hiyo hata akikohoa watu wanaitikia. Alinisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua akasema, "Sauti nzuri sana, dada Jeni. Ila maneno hayana kazi." Akachukua kalamu, na pale pale, mbele ya macho yangu, akamuua mama yangu. "Mama umeuacha udongo, nani ataukanda?" Akanieleza kwamba harusi zina msimu wake, mpunga ukishavunwa, lakini msiba hauna msimu, na bendi yenye wimbo mmoja wa kuliza watu haikosi mwaliko. Mimi nilikuwa mgeni kwenye bendi. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, nimelikiri, na mtu asinikumbushe tena.

Basi wimbo ukashika, ukashika haswa. Kuanzia Katumba Songwe mpaka Makwale, msiba bila wimbo ule ulionekana haujakamilika. Ilifika mahali ule mguno wa mwanzo tu ukisikika kwenye spika, wanawake wanajifunga kanga kiunoni na mikono inapanda kichwani, hata kabla sijatamka neno. Bodaboda wanapunguza mwendo wanauliza, "Nani kaondoka?" Nimewaliza watu wilaya nzima, matajiri kwa maskini, kwa mguno wa mwanamke ambaye wakati huo huo alikuwa Ikombe anakula ugali kwa dagaa.

Na mwenyewe hakuwahi kunisikia nikimwimbia. Ningemwimbiaje? Kwetu mtu anayepumua haimbiwi wimbo wa msiba. Ni uchuro. Unamchuria mtu, unamwitia kifo. Nikienda Ikombe kumsalimia, nikajisahau nikauguna ule wimbo wakati nachambua mchele, kaka yangu Yotamu alikuwa ananirukia kama nimeshika petroli karibu na moto. "Jeni! Unataka kuzika nani humu ndani?" Yotamu ni mvuvi, ni mkubwa wangu kwa miaka mitano, na mama anaishi uani kwake. Namheshimu. Lakini tangu utotoni ana tabia ya kuogopa kwa sauti kubwa.

Halafu mama akaanza kuvimba miguu. Hospitali walimpima wakatuambia moyo umechoka. Asibebe mizigo, asipande boti ovyo, na sisi tujiandae. Tujiandae na nini? Hawakusema, na hakuna aliyeuliza. Jioni ile mama alinitazama akaniambia, "Jeni, nasikia una wimbo wangu. Watu wote wa Kyela wameusikia, hadi watu wa ng'ambo Malawi. Mimi peke yangu ndiye kiziwi?"

Usingizi uliniruka. Nilijisikia mwizi, sikufichi, mwizi wa mama yake mwenyewe. Nikaamua: kabla moyo ule haujasimama, mama atausikia wimbo wake, kutoka kinywani mwangu, kwa maneno yangu ya kwanza, bila kifo ndani yake. Kingine chochote baadaye.

Nikamwendea Nsajigwa. Tulikuwa msibani Makwale, mchana, tunasubiri mchungaji afike. Nikamwambia kwa adabu, "Kiongozi, naomba siku moja twende Ikombe na vyombo, nikamwimbie mama wimbo wake kwa maneno yale ya zamani." Akacheka, sio kwa ubaya, akacheka tu jinsi mtu anavyomchekea mtoto. "Dada Jeni, wimbo ule ni mali ya bendi, na ni wa msiba. Ukianza kuuimba kwa watu walio hai wenye afya zao, utauharibu, watu hawatalia tena. Wewe subiri mama yako afe. Siku hiyo tutakuja wote na vyombo vyote, bure kabisa, na maiki tutakupa wewe."

Subiri mama yako afe! Akalisema hivyo hivyo, mdomoni ana kipande cha ndizi ya kuchoma. Nikachukua maiki yangu, nikaiweka juu ya spika taratibu, ili asije akasema nimevunja chombo chake, nikavua na ile fulana ya bendi niliyovaa juu ya gauni langu. Nikaikunja. Nikamkabidhi. "Tafuta wa kumsubiri mama yake afe," nikamwambia, "wangu mimi ana shughuli." Nikatoka kwa miguu mpaka barabarani, watu wa msiba wananitazama. Miaka minane ikaishia pale.

Nikafikiri nitalia. Thubutu! Nilikuwa na njaa tu.

Nsajigwa akawapigia wanamuziki wote wa Kyela anaowajua, na anawajua wote, kwamba atakayenipigia mimi asahau kumpigia yeye. Mpiga gitaa niliyemtegemea akawa hapokei simu. Mpiga ngoma akanijibu kwamba mkono unamuuma, mkono wa kulia, halafu nikamwona harusini Jumamosi akipiga kwa mikono yote miwili. Vizuri. Nikachukua gitaa langu kavu, lile ninalojifunzia nyumbani, nikaenda Mbugani kwa Gwamaka.

Gwamaka ni fundi simu. Nyuma ya kibanda chake ana chumba, ukutani ameegemeza magodoro ya sponji, ana kompyuta moja na maiki moja nzuri, na hicho chumba anakiita studio kwa sauti isiyokuwa na wasiwasi. Shida yake ni bati. Kyela unaijua mvua yake, haibishi hodi. Tunarekodi mistari miwili, bati linaanza kulia, tunazima, tunakaa tunatafuna karanga mpaka ipite. Ikipita mvua wanaanza vyura. Gwamaka akawa anataka tuwasubiri na vyura. Nikamwambia, "Gwamaka, vyura ni wenyeji, waache wasikike." Wamo kwenye wimbo wa nne, sikiliza vizuri utawasikia.

Miezi mitatu tulihangaika hivyo. Nyimbo nane, sauti yangu, gitaa langu, kinanda kidogo cha Gwamaka. Nilikuwa nimezoea kuimba nimesimama mbele ya vyombo vya Nsajigwa, vinapiga kelele mpaka kifua kinatetemeka. Mara ya kwanza nilipojisikia peke yangu kwenye spika niliona aibu, kama nimetoka nje bila nguo. Ya pili nikavumilia. Ya tatu nikamwambia Gwamaka aongeze sauti. Albamu nikaiita "Jeni wa Angetile", ili atakayeuliza mimi ni wa bendi gani apate jibu lake. Na wimbo wa nane ukawa ule, kwa maneno yake ya zamani.

Sasa albamu bila uzinduzi ni nini? Kwetu albamu inazinduliwa: kunakuwa na mgeni rasmi, anakata utepe, anasema maneno mawili matatu, ndipo watu wanajua kazi imetoka. Wenzangu wanaalika madiwani. Mimi nikasema mgeni rasmi wangu ni mfinyanzi. Na kwa kuwa mfinyanzi mwenyewe hawezi kupanda boti, uzinduzi utaenda alipo, Ikombe, pale mchangani wanapopanga vyungu kabla ya kuvipakia.

Ndipo ukoo ukanijia juu.

Walinikalisha kitako uani kwa Yotamu baada ya ibada, mashangazi watatu, wajomba, majirani waliojifanya wamekuja kuomba chumvi. Yotamu ndiye aliyeongea. "Jeni, uimbe nyimbo zako zote. Wimbo ule hapana. Mama anaumwa. Ukimwimbia wimbo ule akafa wiki hiyo, mimi nitakutazamaje?" Nikamwambia maneno nimeyabadilisha, hayana kifo. Akasema kifo hakimo kwenye maneno, kimo kwenye sauti, na hapo mashangazi wakaitikia, "Ee." Nikabisha. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Mwisho akasema, "Basi mama hatoki uani kwangu siku hiyo. Kiti chake hakivuki huu uzio."

Hapo alinipata. Mgeni rasmi bila kutoka uani ana maana gani? Nikasimama. Hasira, we acha tu. Nikasema kwa sauti ya mtu asiyehitaji maiki, ili na waombaji chumvi wapate cha kupeleka: "Sawa! Naapa mbele yenu. Mama akiwa hai, wimbo ule siuimbi Ikombe. Siku mtakayousikia unatoka mdomoni mwangu hapa, mjue mama hayupo!"

Wakaridhika. Shangazi mmoja akasema, "Ndaga fijo, ahsante sana, mwanangu, umeongea." Mama alikuwa kwenye mkeka wake, anasugua kopo la kunywea maji kwa jani. Angesema neno ningejisikia nafuu.

Nsajigwa naye hakulala. Alitangaza kwenye makundi ya simu, lile la ukanda wa ziwa na lile la wanakwaya, maneno mafupi: atakayekanyaga uzinduzi wa Jeni, akifiwa asiite Mbaka Jazz. Unaweza ukacheka ukiwa mbali. Lakini kwetu mtu anaweza kuvumilia kukosa harusi nzuri. Kuzika mzazi wako kimya kimya, bila muziki, bila watu kusema kwa fulani kulikuwa na msiba, hiyo ni aibu ya kurithi. Watu wakaogopa. Siwalaumu wote. Nawalaumu wengi.

Jumapili ikafika. Gwamaka alileta spika mbili na jenereta kwa boti kutoka Matema, akavifunga kuelekea ziwani. Nikamuuliza kwa nini anazielekeza majini, akasema upepo ukianza unatoka mlimani, vumbi lisiingie. Haya. Tukapanga viti themanini vya kuazima kanisani. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, milima imesimama nyuma yetu, na saa nane mchana, saa niliyowaambia watu, viti vyenye watu vilikuwa kumi na kimoja. Nilivihesabu mara mbili. Watatu kati yao walikuwa wenye boti.

Yotamu hakuwepo. Alfajiri alichukua mtumbwi akaenda kuvua, Jumapili, mtu ambaye hata nyavu huwa hazitengenezi siku ya ibada! Aliondoka bila kumsalimia mama. Alikuwa ameturuhusu, lakini hakutaka kuona. Mama alimngoja aje amwamkie, akasikia kasia tu.

Nikaanza. Nyimbo saba, viti sitini na tisa vitupu vikinitazama. Niliimba kama vimejaa. Unafikiri nitampa Nsajigwa raha ya kusikia kwamba Jeni alikata tamaa mbele ya viti? Watu kumi na mmoja walipiga makofi mpaka viganja vikauma, Mungu awabariki. Nyuma ya kuta za nyumba najua watu walikuwa wanasikiliza. Madirisha yalikuwa wazi, na watoto walikuwa wanachungulia wanavutwa ndani.

Mama akakata utepe kwa kisu cha kukatia udongo. Alivaa gauni la kijani na kitenge kipya, miguu imevimba ndani ya kandambili, amekaa amenyooka. Gwamaka akamsogezea maiki ya pili kwa ajili ya hotuba ya mgeni rasmi. Mama akaitazama ile maiki, akanitazama mimi.

"Na wangu?" akauliza.

"Mama, niliapa."

"Nilikuwepo ulipoapa. Umeapa kwa jina langu, mbona hukuniuliza mimi?" Alikuwa ameipa maiki kisogo, spika zikawa zinavuma tu. "Wote mnanificha kifo changu kama peremende. Mimi nimezaa watoto sita nimezika wanne. Kifo ninakifahamu, nyumba yake naijua. Wimbo wangu ndio siujui. Nikifa wiki hii nitakufa nimeusikia. Nikifa mwaka kesho, vile vile. Imba, Jeni."

Shangazi mmoja, yule jasiri aliyekuja, akasema, "Mtoto asivunje kiapo." Mama hata hakugeuka. Mimi nikalipakata gitaa. Niliogopa, nakwambia ukweli. Niliogopa kwamba Yotamu ana haki, kwamba sauti ile kweli ina kifo ndani yake, kwamba nitafika katikati nimwone mama anateremka kwenye kiti. Halafu nikajiambia, potelea mbali. Nimemwimbia kila maiti Kyela. Nishindwe kumwimbia mama yangu?

Nikafumba macho nikaanza ule mguno.

Sasa fikiria spika mbili zimeelekezwa majini, siku isiyo na upepo. Sauti ilitembea juu ya ziwa. Maneno huwa yanaishia njiani, mtu wa mbali hayapati. Sauti ndiyo inayofika. Na sauti ile kila mtu anaijua ina maana gani. Na kila mtu alikuwa amesikia, au ameambiwa na waomba chumvi, nilichokiapa: siku mtakayousikia, mjue mama hayupo.

Nilikuwa kwenye ubeti wa kwanza niliposikia ukunga wa kwanza. Ulitoka nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ukajibiwa na wa pili. Nikafumbua macho. Milango inafunguka, wanawake wanatoka wanajifunga kanga kiunoni huku wanakimbia, mikono kichwani, "Mama yetu! Angetile, mama yetu!" Wanaume wanashuka kutoka kwenye mihogo wamebeba kuni mabegani, kwa sababu mtu haendi msibani mikono mitupu. Mmoja kabeba mkungu mzima wa ndizi. Watu wale wale waliokuwa hawaruhusiwi kuja kwenye uzinduzi! Msiba hauna katazo. Hata Nsajigwa hawezi kumzuia mtu kwenda msibani.

Gitaa likaninyamazia mikononi. Walifika mbio, wakajitupa chini mchangani wanagaagaa, wengine wananikumbatia mimi, "Pole mama, pole, ametuacha," na mimi nimetoa macho. Yule wa kwanza kufika, Atupele jirani, mfinyanzi mwenzake mama wa miaka yote, alilia mpaka akafika kwenye miguu iliyovimba, akaitambua, akainua uso pole pole.

Mama alikuwa anamtazama. "Atupele," akasema kwenye maiki, maana ilikuwa bado mbele yake, "kumbe unanipenda hivyo? Mbona wiki iliyopita ulininyima udongo mwekundu?"

Watu zaidi ya mia, na kuni, na ndizi, na machozi, wote wameganda. Halafu Atupele akapiga yowe, sio la kilio, la kuona mzimu, akakimbia hatua tatu, akarudi, akamshika mama mashavu yote mawili. Akaanza kucheka huku analia. Hapo ndipo watu wakaachia. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mwenye mkungu akauliza kwa unyenyekevu kama anaweza kurudi nao.

"Ndizi zangu ziache hapo," mama akasema. "Umekuja kunizika, umenikuta. Kaa. Kila mtu aje anililie hapa hapa nikiwa namwona. Sitaki kusimuliwa."

Na wakaja! Mmoja mmoja. Wengine walimwomba msamaha wa mambo ya zamani, wengine walimshukuru kwa vyungu, mzee mmoja alimwambia alitaka kumwoa mwaka fulani akakosa ujasiri, mama akamwambia alifanya vizuri. Viti themanini havikutosha.

Simu yangu ikaita. Nsajigwa. Habari zilishafika Kyela mjini, makundi yote ya simu yameandika "Pumzika kwa amani bibi Angetile". Nikabonyeza sauti ya juu, nikaisogeza simu kwenye maiki ili ukanda mzima upate kumsikia.

"Dada Jeni, pole sana," ikasema spika. "Tumepokea kwa mshtuko. Yaliyopita yamepita. Vyombo vinapakiwa sasa hivi, tunakuja bure kabisa, nilikuahidi. Naomba tu wimbo ule tuupige sisi kama bendi, kama marehemu alivyostahili."

"Ahsante, kaka Nsajigwa," nikamjibu. "Ila hilo la wimbo sio langu kuamua. Subiri nikupe marehemu."

Mama akainama. "Haloo, baba. Angetile hapa. Ee, yule yule. Ndaga fijo, ndaga fijo kwa kunikumbuka. Lakini vyombo mvishushe. Wimbo ninao, na mwimbaji ninaye."

Tulisikia pumzi ya Nsajigwa, na nyuma yake mtu anaburuta kitu kizito kwenye bodi ya gari. Kisha simu ikakatika. Watu walishangilia mpaka Gwamaka akaogopa nyaya zake. Mimi nilisimama nimeshika simu, nimejawa na furaha mbaya, furaha ya kulipiza, na siombi radhi kwa hiyo.

Lakini furaha hiyo haikudumu, kwa sababu nilimwona Yotamu.

Alikuwa amesikia akiwa katikati ya ziwa. Alikata nyavu zake akaziacha majini, akapiga kasia mpaka mtumbwi haukuweza tena kwenda na haraka yake, akajitupa akaogelea kipande cha mwisho. Alipanda mchangani amelowa, amepoteza shati, anakimbia huku anaanguka. Watu walimpisha. Walitaka kumwambia, hakuna aliyewahi. Alikuwa analia kwa sauti nisiyoijua, mtu mzima wa miaka hamsini, na alikuwa anarudia jambo moja tu: "Sikumwamkia. Asubuhi sikumwamkia."

Alimwona mama amekaa. Alitambaa zile hatua chache zilizobaki, akaweka kichwa kwenye magoti yake, maji yanamchuruzika kwenye gauni la kijani. Nilifikiri atanigeukia anipige, na ningekubali. Hakunitazama kabisa.

Mama akamwekea mkono shingoni. "Basi niamkie," akamwambia. "Sijaenda mahali."

Na Yotamu, saa kumi ya jioni, mbele ya kijiji kizima na kuni zake, akampa mama yake salamu ya asubuhi, kikamilifu, akamuuliza amelalaje, miguu imeamkaje, moyo umeamkaje. Mama akamjibu yote. Pale ndipo nililia mimi. Nililia kwa ubaya wangu na kwa uzuri wangu, kwa vyote viwili.

"Haya, Jeni," mama akasema. "Sasa wameshafika. Imba."

Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa bado amemshika mama mkono, kucha zimekuwa nyeupe kwa jinsi alivyoshika. Akafumba macho akatikisa kichwa: ndiyo.

Niliimba wote, kuanzia mguno mpaka mwisho, kwa maneno yangu. Mama ushike udongo, mimi nitakuimbia. Waliokuja kumzika walikaa chini mchangani wanasikiliza, na wale wanawake waliojifunga kanga hawakujua wazifungue au waziache. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Hawakujua kama inafaa. Wote walimtazama mama, na mimi nilimtazama mama, roho iko mkononi.

Akalinyoosha gauni lake lililolowa.

"Umekimbia sana," akasema. "Udongo haukandwi mbio hivyo. Rudia."

Nikarudia.